Fani ndogo ya masomo ya kimataifa: masharti yake na namna ya kuyapanga ukitokea Dodoma

Anayesoma uchumi, ualimu, sheria au hata kompyuta, na anataka kuongezea uelewa wa mambo ya dunia, ana njia mbili. Ya kwanza ni chuo chenye mfumo wa Kimarekani, ambako mwanafunzi husoma fani kuu na pembeni yake akasajili fani ndogo: kundi la kozi sita hadi nane linaloandikwa kwa jina lake kwenye transkripti, yaani orodha rasmi ya kozi na alama. Ya pili ni kubaki kwenye vyuo vya hapa nyumbani. Shahada zetu nyingi hazina kitu hicho kwa jina, lakini zina kozi za hiari, na kozi za hiari zikipangwa kwa akili zinaleta karibu matunda yaleyale.

Njia zote mbili zina mtego mmoja, nao ni muda. Masharti ukiyasoma hayajazi ukurasa. Ukiyapanga kwenye kalenda ndipo unagundua kuwa mengine yanachukua miaka miwili mizima na hayana njia ya mkato.

Masharti yenyewe

Kila chuo kina ya kwake na prospektasi yake ndiyo yenye kauli ya mwisho. Hata hivyo, umbo la jumla halibadiliki sana. Shahada ya kwanza ya Kimarekani huwa na krediti 120 kwa miaka minne, na kozi ya kawaida ina krediti 3. Fani ndogo ya masomo ya kimataifa huchukua krediti 18 hadi 24 kati ya hizo.

Ndani yake utakuta kozi moja ya utangulizi ya ngazi ya 100 au 200, ambayo ni lazima kwa wote. Kisha kozi mbili au tatu za misingi kutoka idara tofauti: siasa za dunia, uchumi jumla (macroeconomics), historia ya dunia tangu 1500 au tangu 1945, anthropolojia, jiografia ya watu. Chuo hakitaki uzichukue zote katika idara moja, na kwa sababu nzuri: fani hii imejengwa juu ya kutazama jambo moja kwa macho ya taaluma kadhaa. Juu ya misingi huja kozi mbili au tatu za ngazi ya 300 na 400 zinazofuata mkondo mmoja. Mkondo unaweza kuwa wa eneo, kama Afrika, Asia Mashariki au Amerika ya Kusini, au wa mada, kama usalama, maendeleo, mazingira na haki za binadamu. Vyuo vingine humalizia na semina ya mwaka wa mwisho yenye andiko la utafiti.

Halafu kuna lugha ya kigeni, mara nyingi mpaka mwisho wa ngazi ya kati, yaani mihula minne. Hapa soma kwa makini, kwa sababu katika vyuo vingi krediti za lugha hazihesabiwi ndani ya zile 18. Anayeambiwa "kozi sita tu" anaweza kujikuta ana kozi kumi.

Maandishi madogo chini ya orodha ndiyo yanayowaangusha watu wengi. Alama ya chini inayokubalika huwa C au wastani wa 2.0 kwa kozi zote za fani ndogo. Kozi uliyoichukua kwa utaratibu wa kufaulu au kufeli tu, bila herufi, haihesabiwi hata kama ulifanya vizuri mno. Sehemu fulani ya krediti, aghalabu nusu au zaidi, lazima isomwe chuoni hapohapo, si kuhamishwa kutoka kwingine. Na kuna ukomo wa kozi zinazoweza kuhesabiwa mara mbili, kwenye fani kuu na fani ndogo. Wanaosoma sayansi ya siasa ndio wanaoumia zaidi na kipengele hiki. Wanadhani wameshamaliza nusu ya kazi kwa sababu kozi zinafanana, kumbe chuo kinaruhusu kozi mbili tu ziingie kote kote. Anayesoma uhasibu au uuguzi hana tatizo hilo, ila yeye tatizo lake ni nafasi kwenye ratiba.

Masharti yanayokubana ni yale ya prospektasi ya mwaka ulioingia chuoni, isipokuwa uombe kuhamia mapya. Pakua nakala ya mwaka wako katika wiki ya kwanza na uihifadhi. Tovuti hubadilishwa, na mshauri mpya wa masomo anaweza kukusomea masharti yasiyo yako.

Lugha ndiyo inayoamua kila kitu

Kozi za lugha hufuatana: 101, 102, 201, 202. Huwezi kuziruka wala kuchukua mbili kwa pamoja. Vyuo vidogo hufungua 101 muhula wa kwanza wa mwaka tu, hivyo ukiikosa Agosti unasubiri Agosti nyingine. Ukiianza mwaka wa tatu, utaimaliza muhula wa mwisho kabisa, na ukifeli hatua moja unaongeza mwaka na ada yake. Kwa hiyo kama huna uhakika kuhusu fani ndogo lakini unaifikiria, anza lugha hata kabla ya kuamua. Ukibadili mawazo hujapoteza, kwa kuwa shahada nyingi za sanaa zinadai lugha kwa vyovyote.

Mtanzania ana swali la ziada: je, Kiswahili changu kinanitosha? Kiingereza hakitahesabiwa, maana ndicho lugha ya kufundishia. Kiswahili kinaweza kuhesabiwa, na kinahesabiwa kwa namna tatu. Kuna vyuo vinavyomsamehe sharti la lugha mwanafunzi aliyesoma sekondari katika nchi ambayo lugha yake si Kiingereza. Hapa huwa pana utata, kwa kuwa sekondari zetu hufundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo usiseme "nilisoma Tanzania" ukaishia hapo. Ambatisha cheti cha NECTA kinachoonyesha somo la Kiswahili. Kuna vyuo vyenye idara inayofundisha Kiswahili, na mwalimu wake anaweza kukupima. Na kuna vinavyokubali mtihani wa mazungumzo wa ACTFL, baraza la Marekani la ufundishaji wa lugha za kigeni, ambao una Kiswahili miongoni mwa lugha zake. Njia yoyote utakayopewa, omba uamuzi kwa maandishi, kwa barua pepe ya chuo. Ahadi ya mdomo ya ofisa aliyehama haimbani aliyerithi kiti chake.

Kusamehewa lugha si lazima kukufurahishe. Msamaha huondoa sharti lakini haukupi krediti, na mtu wa masomo ya kimataifa mwenye Kiswahili na Kiingereza tu anashindana na wenzake wenye Kifaransa au Kireno. Maoni yetu: chukua msamaha kama upo, kisha tumia nafasi uliyoipata kusoma lugha ya tatu bila shinikizo la kalenda.

Lugha ipi? Kifaransa kinafungua Burundi, Kongo na sehemu kubwa ya Umoja wa Afrika. Kireno kinafungua Msumbiji na Angola, wenzetu ndani ya SADC ambao Watanzania wachache wanaweza kuwasoma kwa lugha yao. Kichina kina faida kwamba Dodoma kinasomeka: Taasisi ya Confucius iko Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) tangu 2013. Kiarabu kina wafuasi wengi hapa, hasa upande wa Kondoa, na kina onyo lake: aliyesoma madrasa anajua kusoma herufi na matamshi yake ni safi, lakini mtihani wa kupanga madaraja hupima sarufi, uandishi na mazungumzo. Wengi huwekwa 101 na kukasirika. Kuwekwa 101 ukiwa tayari unasoma maandishi ni nafuu kubwa, ipokee.

Mihula minane, ikipangwa vizuri

Ratiba ifuatayo ni ya chuo cha miaka minne na fani kuu ya kawaida.

1. Muhula wa kwanza: lugha 101 na kozi ya utangulizi wa masomo ya kimataifa.
2. Muhula wa pili: lugha 102 na uchumi jumla. Angalia kwanza kama uchumi jumla unadai uchumi wa soko na kampuni (microeconomics) kabla yake. Sehemu nyingine unadai, na hapo muhula mmoja unaliwa.
3. Muhula wa tatu: lugha 201 na siasa za dunia. Sajili fani ndogo rasmi muhula huu. Usisubiri, kwa kuwa kozi za juu mara nyingi huwapa kipaumbele waliosajiliwa.
4. Muhula wa nne: lugha 202 na historia au anthropolojia. Muhula huuhuu ndio wa kupata idhini za masomo ya nje, kama utakwenda.
5. Muhula wa tano: masomo nchi nyingine, au kozi ya kwanza ya ngazi ya 300.
6. Muhula wa sita: kozi ya pili ya mkondo wako.
7. Muhula wa saba: semina au kozi ya ngazi ya 400.
8. Muhula wa nane: usiweke kitu.

Huo wa nane ulioachwa wazi si uvivu. Kozi za juu za fani hii hufundishwa na idara nyingi, na mwalimu mmoja akienda likizo ya utafiti kozi inaota mbawa kwa mwaka mzima. Mwanafunzi aliyebakiza kozi moja tu, na kozi hiyo haipo, hutegemea huruma ya idara kumkubalia nyingine badala yake.

Ombi la kubadilishiwa kozi huenda na muhtasari wa kozi. Hifadhi muhtasari wa kila kozi unayosoma, wenye orodha ya vitabu, mada za kila wiki na kazi za kuandika. Kozi zenye jina la "mada maalumu" zinahitaji hilo zaidi, kwa sababu jina lake kwenye transkripti halisemi kitu. Ukipeleka ombi lenye muhtasari unaoonyesha kuwa nusu ya mada au zaidi zinahusu mambo ya nje ya nchi chuo kilipo, una nafasi nzuri. Ukipeleka jina la kozi peke yake, jiandae kwa jibu la hapana.

Ukibaki Dodoma

Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada kamili ya uhusiano wa kimataifa, na anayejua tangu mwanzo kwamba hiyo ndiyo kazi anayoitaka aiombe yenyewe. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kwa waliomaliza kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi wenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Programu moja moja huweza kudai zaidi ya hapo. Yanayofuata ni kwa aliye kwenye shahada nyingine.

Kwanza hesabu. Mfumo wetu wa sifa za vyuo vikuu huhesabu krediti moja kuwa saa 10 za kujifunza, darasani na nje ya darasa, na shahada ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360. Krediti moja ya Kimarekani ni saa moja darasani na mbili za kujisomea kila wiki kwa wiki kama 15, yaani saa 45 hivi. Ukilinganisha kwa saa, krediti 18 za kule ni saa 810, sawa na krediti 81 za kwetu. Ukilinganisha kwa uwiano, 18 kati ya 120 ni asilimia 15, na asilimia 15 ya 360 ni 54. Uwiano ndio wa haki, kwa sababu shahada yenyewe ya kwetu ni fupi. Lengo lako basi ni krediti 54, na kwa kuwa kozi nyingi huwa na krediti kati ya 7 na 12, hizo ni kozi tano hadi nane. Idadi inarudi karibu palepale.

Utazipata wapi? Mwaka wa kwanza karibu wote ni kozi za lazima. Tuseme programu yako inakupa kozi moja ya hiari kila muhula kuanzia mwaka wa pili: hizo ni nne. Ya tano tayari unayo bila kujua, nayo ni kozi ya maendeleo, ile wanafunzi wanayoiita DS, ambayo wengi huisoma kwa kukariri wakapata C. Ndani yake kuna biashara ya dunia, madeni, utegemezi na mashirika ya fedha. Ukiichukulia kwa uzito ni utangulizi mzuri. Ya sita ni andiko la utafiti la mwaka wa mwisho, ukilielekeza kwenye jambo linalovuka mpaka. Lugha utaibeba nje ya ratiba kwa mtihani wa nje: DELF kwa Kifaransa, HSK kwa Kichina. Cheti cha DELF hakiishi muda, na kufaulu ni alama 50 kati ya 100, kwa sharti kwamba usipate chini ya 5 kati ya 25 katika sehemu yoyote. Matokeo ya HSK yakitumika kuombea masomo China huhesabiwa kwa miaka miwili, kwa hiyo usiufanye mwaka wa kwanza kisha ukategemea matokeo yake baada ya kuhitimu.

Katika hizo kozi nne za hiari, mbili ziwe za uhusiano wa kimataifa wenyewe, moja ya uchumi au sheria ya kimataifa, na moja ya historia au jiografia. Ukichagua zote nne idara moja umepata kipande cha shahada ya mtu mwingine. Ikiwa kozi iko ndaki nyingine, yaani kitengo kikubwa kingine cha chuo chenye idara zake, utahitaji ridhaa ya idara yako na ya idara inayofundisha. Nenda kwa mkuu wa idara yako kabla muhula haujaanza, siyo wiki ya pili wakati usajili unafungwa na foleni imefika ngazini. Uliza pia ratiba ya mitihani, maana kozi za ndaki mbili hugongana bila mtu kujua mpaka ratiba ibandikwe. Na UDOM ni pana: kutoka ndaki moja hadi nyingine kwa miguu huwezi kuwahi kipindi kinachoanza dakika kilipoisha kingine.

Tahadhari juu ya kozi za ziada, zile unazoongeza juu ya zinazotakiwa. Chukua mwanafunzi mwenye GPA (wastani wa pointi) ya 3.5 kwenye krediti 120 za mwaka. Yupo daraja la pili la juu, ambalo huanzia hapohapo. Akiongeza kozi moja ya krediti 10 akapata C, yenye pointi 2, hesabu inakuwa 420 na 20, jumla 440, gawanya kwa 130: 3.38. Ameshuka daraja kwa kozi ambayo hakulazimishwa. Uliza kwanza kama chuo chako huingiza kozi za ziada kwenye GPA. Kama huingiza, omba kuhudhuria bila kufanyiwa mtihani. Maarifa utayapata na alama hazitaguswa. Atakayekuwa na sapu (mitihani ya marudio) za fani yake asiongeze kitu chochote mpaka azimalize.

Andiko la mwisho: tafuta dunia hapahapa

Hapa ndipo mwanafunzi wa Dodoma ana utajiri ambao wengi wanauacha. Mada za mbali, kama vita vya Ukraine au mvutano wa Marekani na China, zinavutia, lakini utaishia kunakili tovuti zilezile na wenzako wote. Andiko lenye ushahidi wako mwenyewe hupata alama nzuri zaidi.

Alizeti ni mfano. Mkulima wa Singida na Dodoma anashindana na mafuta ya mawese yanayotoka Malaysia na Indonesia, na kinachomlinda ni ushuru unaotokana na mfumo wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tangu Julai 2022 mfumo huo una ngazi nne: asilimia 0, 10, 25 na 35, na nchi mwanachama inaweza kuomba kutotumia kiwango cha pamoja kwa muda. Swali la utafiti linajitokeza lenyewe: kiwango kikibadilika, bei ya mbegu kwa mkulima inabadilika baada ya muda gani, na nani anafaidika katikati? Unahitaji matangazo ya ushuru ya miaka michache, wasindikaji wadogo kadhaa wa kuhoji, na bei za soko. Soko la mahindi la Kibaigwa linatoa andiko la namna hiyohiyo kuhusu nafaka inayovuka mipaka na zuio la kuuza nje.

Kongwa ina mbili kwa mpigo. Huko ndiko Waingereza walikoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951, na ndiko wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walikoweka kambi miaka ya 1960: FRELIMO, ANC, SWAPO na wengine. Kwa mtu wa historia ya diplomasia ni mwendo wa basi tu kutoka mjini.

Kwa anayependa sera, Bunge liko mjini na Hansard zake, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, zinasomeka kwenye tovuti. Hotuba ya bajeti ya Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki husomwa katika mkutano wa bajeti kati ya Aprili na Juni, na ina orodha ya mikataba, ziara na madeni ya michango ya kimataifa ambayo huikuti mahali pengine kwa Kiswahili. Linganisha hotuba za miaka mitatu mfululizo na Sera ya Mambo ya Nje ya mwaka 2001, ambayo Toleo la 2024 lilizinduliwa Mei 2025, uone kilichoahidiwa na kilichotengewa fedha. Wizara yenyewe iko Mji wa Serikali, Mtumba. Ukitaka kuhoji watumishi, usiende na kitambulisho cha chuo pekee: unahitaji barua ya utambulisho ya chuo inayotaja mada, muda na taarifa unazoziomba, na kwa utafiti wa vijijini barua hiyo hupitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha halmashauri. Tenga wiki tatu hadi nne kwa mzunguko huo. Wanaotenga siku tatu ndio wanaoishia kujijazia dodoso wenyewe.

Takwimu za uanachama zisikutie aibu: EAC sasa ina nchi nane, baada ya Kongo kuingia 2022 na Somalia 2024, na bado maandiko mengi yanaandikwa "nchi sita" kwa kunakili ya zamani.

Visa, na masomo ndani ya masomo

Kuanzia Januari 2026 Marekani ilisitisha kutoa visa ya F-1, ile ya wanafunzi, kwa Watanzania wengi, kwa hiyo uliza ubalozi kwanza. Anayeiomba hulipa ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni), dola 350, baada ya kupata fomu I-20 ya chuo, na usaili hufanyika Dar es Salaam. TCU nayo hutoa hati ya kutokuwa na pingamizi kwa Watanzania wanaokwenda kusoma nje, ishughulikie mapema. Ukishafika, visa hiyo inakudai krediti 12 au zaidi kila muhula, na kozi ya mtandaoni inayohesabiwa kwenye hizo 12 ni moja tu, isiyozidi krediti 3. Kwa hiyo usipange kumaliza fani ndogo kwa kozi za mtandaoni, hata kama mwenzako Mmarekani anafanya hivyo.

Fani ndogo nyingine zinadai au zinapendekeza muhula katika nchi ya tatu. Mwanafunzi Mmarekani huingia Ulaya siku 90 bila visa. Mwenye pasipoti ya Tanzania haingii. Visa ya muda mfupi ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye visa ya pamoja, inaweza kuombwa hadi miezi sita kabla ya safari, lakini muhula mzima unahitaji visa ya muda mrefu ya nchi husika, yenye utaratibu wake. Hakikisha I-20 yako ina saini ya safari ambayo haijapitisha mwaka, la sivyo kurudi Marekani kutakuwa kazi. Kwa upande mwingine, wewe tayari uko nje ya nchi yako. Vyuo vingine vinakubali hilo kuwa limetimiza sharti. Omba kwa maandishi. Usitegemee kurudi Tanzania kwa programu ya masomo ya nje, kwa kuwa baadhi ya vyuo havimruhusu mtu kwenda nchi yake mwenyewe.

Kozi za huko ziidhinishwe kabla ya kuondoka, moja moja, zikitajwa zinajaza sehemu gani ya fani ndogo. Krediti zisizoidhinishwa hurudi zikiwa za hiari tu: zinaongeza jumla, hazijazi pengo.

Karatasi za mwisho

Kusajili fani ndogo na kuhitimu nayo ni hatua mbili. Fomu ya kuomba kuhitimu, inayojazwa muhula mmoja au miwili kabla, ina sehemu ya fani ndogo, na ukiiacha tupu transkripti itatoka bila jina hilo. Chapisha ripoti ya ukaguzi wa shahada kila mwisho wa mwaka na uipitie na mshauri. Kumbuka pia kuwa fani ndogo mara nyingi haiandikwi kwenye cheti cha shahada, iko kwenye transkripti tu. Agiza transkripti rasmi zaidi ya moja kabla ya kuondoka nchini, kwa sababu utazihitaji kwa utambuzi wa shahada TCU na kwa maombi ya baadaye.

Kwa aliyebaki Dodoma hakuna jina litakalojitokeza lenyewe, kwa hiyo ulijenge kwenye wasifu: mstari mmoja chini ya shahada unaotaja kozi zenyewe, kichwa cha andiko, na cheti cha lugha na ngazi yake. Usiandike kwamba una "fani ndogo" ambayo chuo hakikukupa. Mwajiri akifungua transkripti asiione, hata kozi ulizosoma kweli zitatiliwa shaka.

Na kuhusu kazi wizarani: matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hutaja shahada kwa majina, na mfumo wa maombi huchuja kwa jina la shahada. Fani ndogo, ya Marekani au ya kujipangia, haitapita kwenye chujio la nafasi inayodai shahada ya uhusiano wa kimataifa. Itakusaidia zaidi kwenye mashirika, vyombo vya habari, biashara ya mipakani na maombi ya shahada ya uzamili. Anayeutaka ule mlango wa wizara akiwa na shahada nyingine aangalie stashahada ya uzamili ya Kituo cha Uhusiano wa Kimataifa cha Dkt. Salim Ahmed Salim, Kurasini, Dar es Salaam, na asome sifa za kujiunga kabla ya kulipa ada ya maombi.